Kuhamia Mombasa: Jua Maji Kabla ya Kutafuta Nyumba

Mtu akipata kazi Mombasa hunipigia simu. Swali la kwanza huwa: niishi wapi? La pili: hilo joto nitaliweza? La tatu: feri ni pesa ngapi? Akishafika na kwenda ufuoni mara ya kwanza huja la nne: mbona bahari haipo? Nimeyajibu haya kwa miaka, kwa binamu, kwa rafiki wa binamu, kwa walimu waliopata uhamisho na vijana waliokuja kutafuta kazi bandarini. Sasa nayaandika pamoja kwa ajili ya mtu anayekuja kukaa. Anayekuja kwa siku tatu tu aende moja kwa moja hatua ya sita na ya saba.

Jambo la kuweka kichwani kwanza

Mombasa mjini ni kisiwa. Ukilielewa hilo, mengine yote yatakaa mahali pake.

Kisiwa kina njia tatu za kutokea. Kaskazini kuna Daraja la Nyali, linalokupeleka Kongowea, Nyali, Kisauni, Bamburi, Kiembeni na Shanzu. Ukizidi mbele unaingia Mtwapa, ambayo tayari ni Kaunti ya Kilifi. Magharibi ni Makupa, njia ya Changamwe, Magongo, Mikindani na Miritini, na ndiko uliko uwanja wa ndege na kituo cha reli ya SGR. Kusini hakuna daraja kutoka mjini. Kuna kivuko cha Likoni, na baada yake Likoni, Mtongwe, kisha barabara ya kwenda Ukunda na Diani katika Kaunti ya Kwale. Mwenye gari anaweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu asivuke feri, lakini ni mzunguko.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Pesa ya kodi ya mwezi mmoja, dipoziti ya mwezi mmoja, na juu yake pesa ya kukaa wiki mbili kwenye chumba cha muda. Hizo wiki mbili usizikate, nitaeleza kwa nini.

Kitambulisho, na simu yenye M-Pesa.

Chandarua. Feni utanunua hapa hapa.

Mitungi miwili ya lita 20 na pipa moja, vyote viwe na vifuniko vinavyoshika.

Nguo nyepesi za pamba. Leso au kikoi, kwa kuwa hapa ni shuka, ni taulo, ni nguo ya nyumbani.

Raba kuukuu za kuingilia baharini. Ndara hazifai, huchomoka.

Hatua kwa hatua

1. Fika mchana na ujue umeshukia wapi

Treni ya SGR haifiki kisiwani. Inaishia Miritini, bara, na kutoka hapo bado una safari ya matatu au teksi hadi mjini, kwenye barabara inayobeba malori ya bandari. Wageni wengi hukata tikiti ya treni ya jioni wakidhani watashuka katikati ya mji na kutembea hadi hotelini. Ukija na mizigo mara ya kwanza, chukua ya asubuhi. Mabasi mengi kutoka Nairobi huingia hadi Mwembe Tayari, kisiwani kabisa, ila huko jiandae kuzongwa na watu wanaotaka kukubebea mzigo. Shika begi lako mwenyewe, sema "ahsante, nimepokelewa", uendelee na safari.

2. Kaa wiki mbili kabla ya kulipia nyumba

Chukua chumba cha muda karibu na kazini. Kila asubuhi na kila jioni pita njia utakayokuwa ukipita. Ajenti atakuonyesha nyumba saa tano asubuhi, barabara ikiwa nyeupe, akuambie ni dakika kumi tu hadi mjini. Pita hapo hapo saa moja asubuhi siku ya Jumatatu ndipo uamini.

3. Chagua upande, kisha mtaa, kisha nyumba

Kanuni yangu ni moja: lala upande ule ule wa maji unaofanyia kazi. Namkumbuka kijana mmoja aliyepata nyumba nzuri na ya bei nafuu Likoni, kazi yake ikiwa Bamburi. Kwa hiyo kila siku alivuka kivuko, akakata kisiwa kizima, akavuka Daraja la Nyali, kisha jioni akarudia. Alihama mwezi wa tatu, na dipoziti hakuiona tena.

Kazi ikiwa bandarini, uwanja wa ndege au viwandani, tafuta Magongo, Mikindani, Port Reitz au Changamwe. Ikiwa hotelini pwani ya kaskazini, tafuta Bamburi, Mtambo, Kiembeni au Shanzu. Ikiwa maofisini mjini, kisiwa chenyewe kina nafasi kwa mifuko mbalimbali: Tudor, Ganjoni, Majengo, na Kizingo kwa mwenye uwezo. Nyali ni ghali. Kisauni na Mshomoroni ni nafuu na ziko karibu na daraja, lakini msongamano wa asubuhi uhesabu.

Likoni ni mahali pazuri pa kuishi ikiwa kazi yako iko Likoni au Kwale. Ikiwa kazi iko mjini, jiulize kama uko tayari kulitegemea feri kila siku ya maisha yako.

4. Kagua nyumba kwa maji, upepo na kutu

Fungua mfereji. Usiulize tu kama maji yapo. Uliza ni maji gani. Maji ya Mombasa hutoka mbali, mengine kwenye chemchemi za Mzima huko Tsavo, mengine Baricho kando ya mto Sabaki, na hayatoshi mji. Ndiyo sababu nyumba nyingi hutumia kisima, na visima vingi karibu na bahari vina chumvi. Chukua kipande cha sabuni, osha mikono pale pale. Ikikataa kutoa povu, maji ni ya chumvi: ya kuogea na kufulia utavumilia, ya kunywa na kupikia utanunua. Piga hesabu ya mitungi ya mkokoteni kwa mwezi, ujumlishe na kodi, ndipo useme nyumba ni rahisi.

Kisha simama katikati ya chumba, fungua madirisha. Upepo ukipita kutoka upande mmoja hadi wa pili, hiyo ni nyumba. Usipopita, hata feni mbili zitakuwa zinazungusha joto. Ghorofa ya juu kabisa chini ya zege tupu huoka mchana kutwa na kukutemea joto usiku. Ya pili au ya tatu ni bora. Mti wa mwarobaini au mwembe mbele ya dirisha una thamani kuliko vigae vya sakafuni.

Mwisho tazama bawaba za milango na vyuma vya madirisha. Karibu na bahari hewa ya chumvi hula kila kitu cha chuma, na vyombo vyako vya umeme navyo havitasalimika. Vifunike, usiviweke mkabala na dirisha linalotazama bahari.

Onyo: usilipe chochote kabla ya kumwona mwenye nyumba au kuwauliza majirani ni nani. Na ukifika siku ya kutaka kununua, ujue kwamba Mombasa kuna kitu kiitwacho nyumba bila shamba: jengo ni lako, ardhi chini yake ni ya mtu mwingine. Ni utaratibu wa miaka mingi na watu wamelelea watoto humo, lakini usiuingie bila wakili.

5. Zoea kivuko, matatu na tuktuk

Kwenye feri ya Likoni anayekwenda kwa miguu halipi. Magari ndiyo hulipa. Abiria wa matatu hushuka, huvuka kwa miguu, kisha hupanda matatu nyingine ng'ambo, hivyo usishangae gari likikuacha ufukweni mwa maji. Asubuhi umati unatoka Likoni kuja mjini. Kuanzia saa kumi alasiri unarudi. Ukiweza, vuka kinyume cha umati. Simu mfuko wa mbele, begi kifuani. Usikimbilie lango linapofungwa, na usipige picha: imekatazwa kivukoni, kama ilivyokatazwa bandarini na kwenye kambi ya jeshi la majini. Wazee wetu hawaisahau Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu zaidi ya 270. Watu wanapokuambia usisukumane, wanamaanisha.

Matatu za Nyali, Bamburi na Mtwapa utazipata maeneo ya Posta, Digo Road. Uliza nauli kwa abiria mwenzako kabla ya kupanda, siyo kwa makanga. Mvua ikinyesha nauli hupanda, hilo halina dawa. Tuktuk ni ya masafa mafupi. Patana kabla hujakaa.

6. Jifunze maji kujaa na kupwa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wageni wanapoumia.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa makubwa: hayo ndiyo bamvua. Yakijaa hupanda juu ya mchanga wote, yakipwa hukimbilia mbali mpaka ukaona mawe na majani ya bahari. Kati ya kujaa na kupwa tofauti hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, maji hupanda kidogo na kushuka kidogo: hayo ni maji mafu.

Sasa jambo ambalo mwenyeji analo kichwani bila kutazama simu. Siku za bamvua, hapa Mombasa maji hujaa mwendo wa saa kumi, ya usiku na ya alasiri, na hupwa mwendo wa saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Siku za maji mafu hugeuka: hujaa mwendo wa saa nne, hupwa mwendo wa saa kumi. Hivyo ukiutazama mwezi leo usiku, unajua kesho kama ni siku ya kuogelea asubuhi au alasiri. Majedwali ya maji yapo pia kwenye intaneti, yatumie kuhakikisha.

Kuogelea, chagua saa mbili kabla ya maji kujaa hadi yanapoanza kurudi. Yakipwa, utatembea mbali ukitafuta kina na kuishia kwenye mawe.

Kutembea kwenda mwambani kuona nyota za bahari na samaki wa vidimbwini, toka maji yakiwa bado yanapwa, saa moja au moja na nusu kabla ya kufika chini kabisa. Yakifika chini, geuza. Usingoje uyaone yakirudi. Yanaporudi hayaji kama ukuta kutoka mbele. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na mchanga, na nguvu zake ziko katika saa ya tatu na ya nne. Mgeni wangu mmoja kutoka Eldoret, mtu mzima asiyejua kuogelea, alibaki huko akipiga picha. Alipogeuka, pale alipopita akilowa vifundo vya miguu palikuwa kifuani. Mvuvi mwenye ngalawa ndiye aliyemrudisha. Tangu siku hiyo siwapeleki wageni mwambani kabla ya kuwaambia saa ya kurudi, na saa hiyo haina mjadala.

Vaa raba. Chini kuna viumbe weusi wa duara wenye miba mirefu, kuna samaki aitwaye taa, anayejifukia mchangani na mwiba wake mkiani. Buruta miguu badala ya kukanyaga, taa ataondoka mwenyewe. Matumbawe na makombe yaache yalipo; sehemu ya bahari ya Nyali na Bamburi ni hifadhi tangu 1986.

Ufuo wa umma unaojulikana zaidi ni wa Jomo Kenyatta, Bamburi, ambao kila mtu huuita Pirates. Siku za Idd na Krismasi hujaa watu hadi mtoto akipotea ni kazi kumpata. Matyubu ya kukodi yasikudanganye: yanaelea, lakini hayakuzuii kuchukuliwa. Ngamia, patana bei ya kupanda na ya picha kabla hujainua mguu.

Kuhusu majira: kaskazi, Desemba hadi Machi hivi, bahari ni tulivu, samaki ni wengi na joto ni kali. Kusi huanza Aprili pamoja na masika. Mei mvua ni kubwa, bahari hukasirika, samaki huwa ghali kwa kuwa vyombo vidogo haviendi mbali. Julai na Agosti ndiyo miezi mizuri ya kuhamia. Anayekuja Februari huonja mji kwa upande wake mkali.

7. Tembea kisiwa kwa miguu, siku moja nzima

Jumamosi ni nzuri. Anza saa moja na nusu asubuhi kwa mahamri na mbaazi za nazi popote utakapoona wenyeji wamekaa. Kisha anzia kwenye yale mapembe makubwa ya Moi Avenue, uteremke hadi Digo Road na uingie Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka 1914. Nunua viungo vya pilau vizima, siyo vilivyosagwa. Toka upande wa Biashara Street uone leso. Usome jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kununua: leso ya kumpa mama mkwe isiwe na fumbo la kumtukana jirani.

Ukiingia Mji wa Kale punguza mwendo. Fuata Ndia Kuu. Tazama milango iliyochongwa, roshani za mbao, na msikiti wa Mandhry unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570. Wazee walioketi barazani wasalimie wewe kwanza. Picha za majengo piga. Picha za watu omba, na ukikataliwa shukuru uende.

Fort Jesus ifikie kabla ya saa nne, jua likiwa bado la kuvumilika. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Kuanzia Machi 1696 Waomani waliizingira kwa miezi 33, hadi Desemba 1698 walipoitwaa. Waingereza waliifanya jela hadi 1958, leo ni makumbusho, na tangu 2011 imo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Usipite mbio: tafuta michoro ambayo mabaharia wa Kireno waliichora ukutani, meli zao na samaki zao. Kwangu hiyo inasema zaidi kuliko mizinga.

Mchana pumzika. Jioni nenda bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, ukae chini ya mibuyu na mhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili, dafu mkononi. Meli za kuingia bandari ya Kilindini hupita karibu kiasi cha kusoma majina yake ubavuni. Usiku rudi Mji wa Kale kwa kahawa tungu na halua.

Wikiendi nyingine nenda Haller Park, Bamburi. Palikuwa mashimo ya kuchimba mawe ya saruji, jangwa tupu, na kuanzia 1971 René Haller akapanda mivinje humo; majongoo wakageuza majani yake kuwa udongo. Ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeachwa peke yake na tsunami ya Desemba 2004, akajishikiza kwa kobe mzee aitwaye Mzee. Baada ya hapo Jumba la Mtwana, magofu ya karne ya 14 karibu na Mtwapa, ambako msikiti umesimama kando ya mawimbi.

8. Salimu kabla ya kuuliza

Hapa ukimwendea mtu na swali bila salamu, atakujibu, lakini utakuwa umejishusha. "Shikamoo" kwa mkubwa, "salaam aleikum" au "hujambo" kwa wengine, kisha swali. Mlangoni piga hodi, ungoje. Nguo za ufuoni ziishie ufuoni. Mwezi wa Ramadhani usile njiani mchana. Jioni futari ikianza kuuzwa, utakula vizuri kuliko mwezi wowote mwingine.

Mambo yakikukwamia

Usingizi hauji kwa joto. Oga maji baridi usijifute sana, lala juu ya leso, feni iwe dirishani ikivuta hewa ya nje badala ya kuzungusha ya ndani. Wiki ya tatu mwili huzoea. Usipozoea kabisa, tatizo ni nyumba. Rudi hatua ya nne.

Umepata homa. Nenda ukapimwe, usijinunulie dawa ya malaria kwa kukisia. Mombasa imewahi kupata milipuko ya dengi na chikungunya, zinazoletwa na mbu anayeuma mchana na kuzaa kwenye maji tunayoweka ndani. Ndiyo maana nilisema mitungi yenye vifuniko. Kabla ya majibu usimeze aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa dengi ikiwamo zinaweza kuzidisha kutoka damu. Paracetamol ndiyo salama zaidi.

Umechomwa na taa au samaki mwingine mwenye mwiba. Zamisha mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, maumivu hupungua. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata ukijihisi nafuu. Miba iliyovunjikia ndani usiichimbe kwa sindano.

Nguo na viatu vinaota ukungu wakati wa masika. Kabati lisigusane na ukuta, milango yake iachwe wazi mchana, na siku jua likitoka toa kila kitu nje, magodoro pia.

Feri imesimama nawe uko upande usio wako. Ukiwa na gari, Dongo Kundu. Ukiwa kwa miguu na saa zimekwenda, usishawishike na mtu wa mtumbwi gizani. Kuwa na nyumba moja ya jamaa au rafiki kila upande wa maji ambako unaweza kupiga hodi usiku, na uwaambie mapema, wakati bado ni mchana na nyote mnacheka.